Binti wa miaka 16 hajavunja ungo: vidonge vya "kuita hedhi" si tiba

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 16 na hajaona hedhi hata mara moja. Matiti yalianza akiwa na miaka 11 na mwili umekua vizuri. Tangu mwaka jana, kila mwezi tumbo humuuma chini ya kitovu siku tatu au nne, kisha linatulia. Jirani anasema nimpe vidonge vya uzazi wa mpango ili hedhi ifunguke. Dada yangu ana dawa ya mitishamba ya kusafisha kizazi. Nianze na ipi?

JIBU: Usianze na yoyote kati ya hizo, mama. Mpeleke binti kwa daktari wa magonjwa ya wanawake wiki hii, na ukifika utaje kwanza hayo maumivu ya kila mwezi.

Nayasisitiza kwa sababu huenda hedhi imeshaanza, ila damu haina njia ya kutokea. Wapo wasichana wanaozaliwa na kizinda kisicho na tundu, au na ukuta unaoziba uke kwa ndani. Damu hujikusanya mwezi baada ya mwezi, maumivu yanazidi, na wengine hufikia hatua ya kushindwa kukojoa. Kuchunguza kwa macho na kupiga ultrasaundi kwa juu ya tumbo kwa kawaida hutosha kuligundua, na kama ni kizinda, upasuaji wake ni mdogo. Ufanyike hospitali. Mtu asije akakitoboa kwa sindano, maana damu iliyobaki ndani huoza na kuleta maambukizi.

Sasa hivyo vidonge. Karibu kila mzazi anayeniletea binti wa aina hii ameshampa, au ameshashauriwa ampe. Damu inayotoka baada ya kumaliza pakiti inatokana na homoni za kidonge kukatika. Haithibitishi kwamba ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai na homoni za kike, zinafanya kazi, wala kwamba tatizo limekwisha. Familia inashangilia, uchunguzi unaahirishwa, na miaka miwili baadaye tunaanza upya tukiwa tumechelewa. Kwa binti kama wako, ikiwa njia imeziba, hata hiyo damu ya kidonge haitatoka; itaongezea ile iliyokwama.

Kwa binti ambaye hata matiti hayajaota, vidonge hivyo ni hatari zaidi. Asiyeonyesha dalili yoyote ya balehe akifika miaka 13 anahitaji kuchunguzwa. Hakuna haja ya kungoja 16. Huenda ovari zake hazikukua, kama ilivyo kwa wenye hali ya Turner, waliozaliwa na kromosomu moja ya X badala ya mbili. Hao tunawapa estrojeni, homoni ya kike, kwa dozi ndogo sana, tukiipandisha taratibu kwa miaka miwili au mitatu. Ukimpa homoni za dozi ya mtu mzima tangu mwanzo, mifupa huacha kurefuka mapema akabaki mfupi, na matiti hayakui inavyotakiwa.

Kwa hiyo anayekuuzia dawa moja ya "kufungua hedhi" kwa wasichana wote, bila kumpima hata mmoja, anakudanganya. Mmoja amekonda mno au anafanya mazoezi kupita kiasi, na tiba yake ni kula vya kutosha na kupunguza mazoezi. Mwingine ana shida ya tezi ya shingo, au prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, iko juu. Mwingine amezaliwa bila mji wa mimba, na hakuna kidonge wala mzizi utakaouotesha. Wengine hawaumwi kabisa: mama zao walichelewa, nao wanachelewa. Lakini hilo tunalisema baada ya vipimo, na binti akishapita miaka 15, au miaka mitatu tangu matiti yaanze, vipimo havingoji.

Ushauri unaonikera kuliko wote ni kwamba binti akiolewa au akikutana na mwanamume hedhi itakuja yenyewe. Kujamiiana hakuleti hedhi. Mwenye njia iliyoziba ataumizwa vibaya. Na aliyechelewa tu anaweza kushika mimba kabla hajaona hedhi ya kwanza, kwa kuwa yai hutoka wiki mbili hivi kabla ya damu. Ndiyo maana kipimo cha mimba kimo katika vipimo vya mwanzo. Daktari akimpima binti yako, usidhani anamtuhumu.