Jibu kwa dada wa Shela: ankara za uongo zinazotumwa kwa anwani yako

Dada yangu, umeuliza tapeli amewezaje kuwatumia wageni wako ankara kwa anwani ile ile ya nyumba yako hapo Shela, na nenosiri umeshabadilisha. Huyo hakuhitaji nenosiri. Utaratibu wa kutuma barua pepe ni wa 1982, na wenyewe hauhakiki jina la mtumaji. Mwenye seva (kompyuta ya kutuma barua) huandika analotaka.

Mimi nashughulikia barua pepe za nyumba za wageni huku Malindi, na wizi huu huja hasa Waitaliano wanapoanza kulipa amana. Inauma, maana mgeni akiibiwa hulaumiwa mwenye nyumba.

Kinga huwekwa kwenye DNS (daftari la mtandaoni la taarifa) ya domeni yako, yaani sehemu ya anwani inayofuata @. SPF ni orodha ya seva ulizoziruhusu kutuma. DKIM ni sahihi ambayo seva yako huitia kwenye kila barua kwa ufunguo wa siri. Anayepokea huihakiki kwa ufunguo wa wazi ulioko DNS. Wengi huishia hapo, na tapeli bado anapita. Kwa nini? SPF haitazami anwani anayoiona mgeni, hutazama ile ya kurudishia barua, iliyofichika. Tapeli huweka domeni yake huko, SPF inakubali, na mgeni anasoma jina lako. DMARC, rekodi nyingine ya DNS, ndiyo inayodai domeni inayoonekana ilingane na iliyothibitishwa na SPF au DKIM.

Kwenye rekodi ya DMARC, iitwayo _dmarc, anza na p=none (barua zinazofeli zisizuiwe), na kwenye rua weka anwani ya kupokelea ripoti. Zisome. Mara nyingi utaikuta programu yako ya kuweka nafasi inafeli, kwa sababu hukuiwekea DKIM. Ukikimbilia p=reject (zikataliwe kabisa) kabla ya kuirekebisha, wageni hawatapata uthibitisho wao. Ikishakaa sawa, nenda quarantine (ziende spamu), kisha reject.

SPF iwe rekodi moja tu! Ukiweka mbili, ukaguzi unaharibika, ziunganishe.

Kuhusu barua zako za kweli kuangukia spamu (folda ya barua taka): tangu Februari 2024 Gmail inataka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wanaoitumia barua 5000 au zaidi kwa siku wawe na vyote pamoja na DMARC. Wewe hufiki huko, lakini weka vyote.

DMARC haizuii domeni iliyobadilishwa herufi moja, kwa hiyo waambie wageni wakupigie simu kabla ya kulipa kwenye akaunti mpya.

Ukimaliza, jitumie barua kwenye Gmail, fungua vichwa vyake kamili (maelezo ya kiufundi ya barua), utafute spf, dkim na dmarc. Kama kuna isiyosema pass, ibandike hapa, ufiche anwani za watu, niitazame.