GS ya 2009 au Africa Twin ya 2017? Nimezipanda zote mbili, jibu langu hili

Mkuu, nimeisoma hali yako mara mbili ili nisikupoteze. Yadi moja hapa Dar ina pikipiki mbili, BMW R1200GS ya 2009 yenye kilomita 61,000 na Honda Africa Twin CRF1000L ya 2017 yenye kilomita 38,000, na Honda imezidi bei kwa milioni mbili. Unataka ya kwendea Songea mara tatu nne kwa mwaka, shemeji akiwa nyuma na maboksi pembeni. Waliotangulia kukujibu wamesema chukua iliyo mpya zaidi. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikachukua Africa Twin. Nilikaa nayo miaka miwili nikaiuza, nikanunua GS ya rika la hiyo unayoitazama, na ndiyo ninayopanda mpaka leo. Kwa safari ulizozitaja ningechukua BMW, ila kwa sharti moja nitakalolifikia.

Namba za karatasini usizipe muda mwingi. Honda ina cc 998, tanki la lita 18.8 na uzito wa kilo 232. BMW ina cc 1,170, tanki la lita 20 na kilo 229. Nguvu zote zinatosha na kubaki. Ukiwa na mzigo, zote utazijaza mafuta Dar na kuziongeza Mikumi.

Tofauti utakayoiishi ipo kwenye magurudumu. Africa Twin ya mwaka huo ina rimu za spoku na tairi zenye tyubu. GS haina tyubu, hata ile yenye spoku. Mimi somo hilo nililipata kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni, kwenye lile bonde la mibuyu, saa nane mchana. Msumari uliingia tairi la nyuma na upepo ukaisha ndani ya dakika moja. Kutoa gurudumu la nyuma la pikipiki ya kilo 230 pembeni ya lami, malori yakipita na kukutikisa, huku mama watoto amekaa juani hana hata kivuli cha kichaka, ni kazi nisiyomtakia mtu. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama akanisaidia kuivunja tairi. Tulitumia karibu saa tatu. Baada ya kuhamia GS nilipata pancha mbili: nilichomeka kamba ya kuzibia, nikajaza upepo kwa pampu ndogo inayotumia betri ya pikipiki, nikaondoka kabla jasho halijanikauka.

Ila niseme na la upande wa pili. Rimu ya mbele ya Honda ni inchi 21, sawa na zile pikipiki za XL na DT za mabwana shamba na wamisionari, kwa hiyo hata Makambako au Njombe unaweza kupata tyubu ya kukufikisha. Na njia ya vumbi yenye mashimo, gurudumu hilo linapita vizuri kuliko la inchi 19 la GS. Kama ungeniambia unakwenda Katavi au unazunguka vijijini Ludewa peke yako, ningekuambia Honda bila kufikiri. Lakini wewe unakwenda Songea, na lami imefika.

Kinachofuata ni cheni. Honda inatumia cheni saizi 525, na bodaboda zetu nyingi zinatumia 428, kwa hiyo usitegemee duka la spea la njiani. Ukiwa na abiria na maboksi inalegea haraka. Kila jioni nilikuwa nainama kuipima na kuipaka oili, na mvua ikinyesha kazi inaanza upya. GS haina cheni, ina shafti inayopeleka nguvu gurudumu la nyuma. Unasahau kabisa kwamba ipo, na hapo ndipo penye hatari.

Sharti langu ndilo hilo: difu ya nyuma, yaani boksi la gia ambapo shafti inakutana na gurudumu, iwe nzima. Niliponunua ya kwangu, mwenye nayo wa kwanza alikuwa hajawahi kubadilisha mafuta ya difu, nami sikuuliza. Beringi ililia nikiwa nimekaa nayo miezi minne, na gharama yake ilimeza tofauti yote ya bei niliyojisifia nayo. Mafuta yenyewe hayafiki hata robo lita! Kwa hiyo mwambie muuzaji aisimamishe kwa stendi ya katikati. Shika tairi la nyuma kwa juu na chini, uvute na kusukuma. Ukisikia linachezacheza waziwazi, muulize difu ilifunguliwa lini na nani aliifunga. Lizungushe kwa mkono, sikio likiwa karibu, usisikie kukwaruza. Pia beba sumaku ndogo. GS za miaka hiyo zilitoka na flenji ya alumini inayoshikilia gurudumu la nyuma, na BMW wakaita pikipiki zirudi kuwekewa ya chuma. Sumaku ikinasa, ilishabadilishwa. Isiponasa, angalia kama ina ufa kuzunguka matundu ya boliti, na hiyo punguzo lake uliombe hapo hapo.

Fika asubuhi na uguse silinda kabla hawajaiwasha. Zikiwa na joto, kuna kitu hutakiwi kukisikia wakati wa kuwaka. Chini ya zile silinda mbili za pembeni tazama michubuko: ikidondoka, ndizo zinazogota kwanza. Uzuri wa injini ya 2009 ni kwamba valvu zake zinarekebishwa kwa skrubu, fundi mzuri anafanya bila kufungua tanki.

Honda nayo ipime kwa haki. Gonga kila spoku kwa bisibisi. Inayotoa mlio mzito imelegea. Tazama kutu kwenye spoku na ncha zake, hasa kama ilikaa karibu na bahari. Meno ya sproketi yakiwa yamejikunja kama ndoano, seti nzima ya cheni ni ya kubadilisha. Na kwenye tairi za zote mbili soma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Usimpakie shemeji juu ya tairi la umri huo hata kama kashata zake bado nzito.

Kadi ihakikiwe TRA kabla ya malipo, na namba ya chesisi uisome mwenyewe kwenye fremu, usisomewe.

Difu ya GS ikifeli, chukua Honda na ile milioni mbili usiijutie; utanunua tyubu mbili za akiba na vyuma vya kuvulia tairi, utasafiri. Na muuzaji akikubali mafuta ya difu yamwagwe kwenye kopo jeupe, piga picha uiweke hapa. Chembe za chuma zinazong'aa zinaonekana hata kwenye simu, na hapa tupo wengi wa kuitazama kabla hujatoa hela.