Kumbukumbu za majanga: majibu kwa maswali yenu

Hadithi ya wazee inaweza kweli kuokoa watu?

Naam, ikibeba la kufanya. Tsunami ilikipiga kisiwa cha Simeulue, Indonesia, mwaka 1907. Walionusurika waliliita wimbi lile smong na kulitia kwenye bembelezi za watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikakauka, kimbilia mlimani. Tsunami nyingine ilipokuja tarehe 26 Desemba 2004, wakazi hawakungoja king'ora. Ukelele wa "Smong!" ulipita, watu wakapanda. Kati ya wakazi wapatao 78,000 walikufa 7. Angalieni ulivyo mfupi ujumbe huo: dalili mbili, amri moja.

Majirani wahamiaji hawazijui hadithi zetu. Ni hatari?

Sana. Tsunami ilipopiga Visiwa vya Solomon, katika Pasifiki, Aprili 2007, wenyeji walikimbia walipoona maji yanarudi nyuma. Walowezi wenye asili ya Kiribati, nchi nyingine ya visiwa vya Pasifiki, hawakurithi onyo hilo, wakapoteza watu wengi zaidi kulingana na idadi yao. Mgeni aonyeshwe njia ya mlimani wiki ileile anayohamia.

Tunataka kuweka alama za mafuriko ya zamani. Tuanzeje?

Wahojini wazee mmoja mmoja, wakiwa wamesimama mahali penyewe. Kikaoni, wa kwanza kusema huwavuta wenzake. Msiulize "yalifika wapi?" tu. Ulizeni: "Ulisimama wapi, na maji yalikufika gotini au kiunoni?" Pimeni kutoka ardhini kwa futi kamba. Wakitofautiana, shikeni kipimo cha juu. Kwenye alama andikeni mwaka, choreni na mshale wa kuelekea mwinukoni, kisha itembeeni njia hiyo usiku, mkiwa na mzee na mtoto, mkihesabu dakika.

Ila alama isigeuke mpaka wa usalama. Huko Aneyoshi, Japani, jiwe lililowekwa baada ya tsunami ya 1933 linakataza kujenga chini yake, na wimbi la 2011 liliishia kabla ya kulifikia. Kwingine nchini humo, siku hiyohiyo, hata baadhi ya makimbilio yalifurika. Andikeni "yalifika angalau hapa".

Kwa nini wanawake wanabaki nyumbani tahadhari ikitolewa?

Waulizeni bila wanaume kuwapo. Kimbunga cha Bangladesh cha 1991 kiliua wanawake wengi kuliko wanaume, na stara ilichangia: kuona haya kujazana makimbilioni na wanaume wasio wao, au kungoja ruhusa ya mume. Huko makimbilioni tengeni chumba chao na choo chenye komeo, mtangazaji mmoja awe mwanamke, na kila kaya ikubaliane mapema kwamba tangazo likisikika, ruhusa imeshatoka.