Kabla hujaiamini namba, muulize mgonjwa amezaa mara ngapi

Karibu kwenye maabara ya upandikizaji figo. Utakuta njia tatu za kutafuta kingamwili za HLA, yaani kinga zinazoshambulia antijeni za HLA, alama za juu ya seli zinazotofautiana mtu na mtu, na huenda ukaambiwa ile mpya imezifuta za zamani. Usikubali haraka.

Ya zamani ni krosimachi (kupima damu ya mgonjwa dhidi ya seli za mchangiaji) ya kuua seli. Seramu ya mgonjwa hukutanishwa na limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) za mchangiaji, ikaongezwa komplementi ya sungura, protini za damu zinazoua seli iliyoshikwa na kingamwili, kisha unahesabu seli zilizokufa kwa hadubini. Mwaka 1969 Patel na Terasaki walionyesha uzito wake: kati ya figo 30 zilizopandikizwa krosimachi ikiwa chanya, 24 zilikufa mara moja, kwenye hasi, 8 tu kati ya 195. Ila kingamwili zikiwa chache huipita bila kuonekana, na IgM, aina ya kingamwili, zisizo na madhara zinaweza kuifanya chanya. Ndiyo maana tunarudia na seramu iliyotiwa DTT, kemikali inayozivunja IgM.

Flosaitometri, krosimachi inayosomwa kwa mashine ya leza badala ya hadubini, ina jicho kali zaidi. Uliza tu dawa alizotumia: aliyepewa rituximab, dawa inayojibandika kwenye seli B (aina ya limfosaiti), seli hizo zinaweza kutoa chanya hata kama hana kingamwili ya HLA.

Sasa njia mpya: shanga za Luminex, vijipunje vidogo mno ambavyo kila kimoja kimebeba antijeni yake. Zinakutajia kingamwili kwa jina na kukupa namba, MFI, yaani kiwango cha mng'ao wa rangi inayoshika kingamwili zilizo kwenye shanga, na namba hiyo ndiyo inayowaponza wageni. Niliwahi kushika seramu ya mama wa watoto wanne, mumewe akitaka kumpa figo. Shanga ya A2, antijeni ya mume, ilisoma chini kiasi cha kupuuzwa. Flosaitometri ikaja chanya, tena ya nguvu. Nikaizimua seramu mara kumi, nikapima upya: namba ikapanda badala ya kushuka! Kingamwili zilikuwa nyingi mno, komplementi ikajazana juu ya shanga na kuizuia rangi kushika. Mtoto hurithi antijeni za baba, na mimba nne zilikuwa zimeshaufundisha mwili wake kuipiga A2.

Kinyume chake kipo pia. Antijeni iliyoharibika umbo kwenye shanga huleta chanya ya uongo, na mtu akanyimwa figo iliyomfaa. Krosimachi hasi ndiyo itakayokushtua.

Tangu siku ile, seramu ya mwanamke aliyezaa, au ya yeyote aliyewahi kuongezewa damu au kupandikizwa, naitia kwanza EDTA, kemikali inayoizuia komplementi, ndipo naipeleka kwenye shanga.