Mawakala 400 wako kwenye programu ya zamani, mpya iko tayari: tuwahamisheje?

SWALI: Naandika kutoka Dodoma mjini. Kampuni yetu hununua alizeti kupitia mawakala wapatao 400 walioko Kongwa, Mpwapwa, Chamwino na Kondoa. Wakala akishapima mzigo wa mkulima, anaandika stakabadhi kwenye kitabu, halafu anaingiza taarifa hizohizo kwenye programu ya simu, nayo huzituma kwenye seva mtandao ukipatikana. Programu hiyo ilitengenezwa na mkandarasi ambaye hatuko naye tena, na sasa tumeandika nyingine upya. Bosi anataka ya zamani izimwe tarehe 1 mwezi ujao na wote waanze mpya siku hiyohiyo. Mimi naogopa. Tufanyeje?

JIBU: Una haki ya kuogopa, ndugu yangu. Msimu mmoja wa zabibu nilisimamia kazi ya namna hii kwenye vituo vya kununulia upande wa Hombolo. Tuliwatumia makarani ujumbe: pakueni programu mpya, ya zamani inafungwa Jumatatu. Jumanne nikakaa na karani mmoja chini ya mwembe, pembeni ya mizani. Simu yake ilikuwa imejaa picha, na Play Store ilimwambia nafasi haitoshi. Akafanya ambalo mtu yeyote angefanya: alifuta programu ya zamani ili mpya ipate pa kukaa. Ndani yake kulikuwa na mizigo 63 iliyopimwa na bado haijatumwa, kwa sababu mtandao haukuwa unashika tangu Ijumaa. Yote ilipotea. Tuliokolewa na kitabu cha stakabadhi chenye nakala ya kaboni. Siku mbili nzima tulisoma maandishi yaliyofifia, namba moja baada ya nyingine, na wakulima wamekaa pale wanasubiri hela zao.

Tangu hapo, mtu akiniuliza uhamisho umefikia wapi, siangalii ni wangapi wamepakua programu mpya. Naangalia ni stakabadhi ngapi ambazo hazijafika kwenye seva.

Kabla ya kupanga lolote, tafuta jibu la swali moja: ufunguo wa saini wa programu ya zamani, yaani faili la siri linalothibitisha kuwa toleo limetoka kwa mtengenezaji yuleyule, uko wapi? Android hairuhusu toleo jipya kukaa juu ya la zamani kama saini zake hazifanani au kama jina la utambulisho, lile ambalo mara nyingi huanza na com, ni tofauti. Kama ya zamani iko Play Store, usikate tamaa mapema. Tangu Agosti 2021 programu mpya zinazowekwa pale huwa na ufunguo wa saini unaotunzwa na Google wenyewe, na mwenye akaunti aliyepoteza ufunguo wa kupakia, ule anaotumia kutuma matoleo Play Store, anaweza kuomba mwingine. Hata kama iko kwenye akaunti ya mkandarasi, kuna utaratibu wa kuihamishia kwenye akaunti yenu akikubali. Mtafuteni, ongeeni naye vizuri, na kama kuna deni lake mlipeni. Mkifanikiwa, programu mpya itaingia kama sasisho la kawaida na taarifa zilizomo kwenye simu zitabaki palepale.

Zitabaki kama msimbo wenu unajua kuzisoma. Hapa wengi huanguka. Ukitumia Room, maktaba ya Android ya kuhifadhi kanzidata ndani ya simu, na ukaacha fallbackToDestructiveMigration ikiwa imewashwa, simu ikikutana na mpangilio wa zamani wa kanzidata usioelezewa njia ya kuuhamisha, inaufuta na kuanza upya kimyakimya. Itoeni. Chukueni simu kumi za mawakala halisi zenye stakabadhi ambazo hazijatumwa, nakilini yaliyomo, kisha mjaribu kusasisha kwa nakala hizo.

Kama ufunguo haupatikani kabisa, mfano programu ilisambazwa kwa faili la APK, lile la kusakinishia programu moja kwa moja, kwenye WhatsApp na aliyeitengeneza hana kumbukumbu, basi mtakuwa na programu mbili kwenye simu moja. Mpya haiwezi kuchungulia ndani ya hifadhi ya ile ya zamani, Android haikubali. Njia pekee ni kupitia seva, na seva nayo haijui kuna nini ndani ya simu ambayo haijatuma. Lakini ninyi mna kitu ambacho kampuni nyingi hazina: kitabu chenye namba za stakabadhi zinazofuatana.

Kitumieni kama lango. Wakala anapoingia mara ya kwanza kwenye programu mpya, mwulizeni swali moja tu: "Stakabadhi yako ya mwisho kitabuni ni namba ngapi?" Akiandika 218 na seva inazo hadi 212, isimruhusu kuendelea. Imwambie kwa Kiswahili cha kawaida: "Bado stakabadhi 6 hazijafika. Usifute programu ya zamani. Ifungue, bonyeza Tuma, halafu rudi hapa." Iangalie pia mapengo ya katikati, si namba ya mwisho peke yake. Stakabadhi iliyoharibika au kufutwa iwe na kitufe chake, la sivyo mtu atakwama kwa sababu ya karatasi iliyolowa mvua.

Wapo watakaotuma mzigo mmoja kwenye programu zote mbili, kwa hofu tu, na mimi siwalaumu. Kwenye kanzidata ya seva, namba ya wakala ikiungana na namba ya stakabadhi iwe ya pekee. Ikija mara ya pili, seva ijibu "imeshapokelewa" na isilete kosa. Mkulima asilipwe mara mbili, na wakala asitishwe na maandishi mekundu.

Jambo jingine linaloumiza watu ni vipimo. Kama ya zamani ilirekodi magunia na mpya inarekodi kilo, msiandike msimbo wa kuzidisha kwa 100. Wewe unaijua lumbesa kama mimi ninavyoijua. Hifadhini gunia kama gunia, na kilo zianze pale mzigo unapopimwa kwa mizani.

Sasa, kuhusu kwenda polepole. Play Store inaruhusu kusambaza sasisho kwa asilimia, tuseme 5 kwanza, na unaweza kusimamisha ukiona tatizo. Ila kusimamisha hakuwarudishi nyuma waliokwisha kulipokea. Dawa yao ni toleo jingine lenye namba ya juu zaidi. Na kwenu ninyi asilimia 5 ni watu 20 waliotawanyika ovyo, mmoja Kondoa, mwingine Mpwapwa, huwezi kuwafikia. Mimi ningeweka swichi kwenye seva yenu ya kuwasha programu mpya kituo kimoja kimoja. Anza na kituo kimoja cha Chamwino ambako unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ukae nao wiki nzima ya kununua. Kisha vituo vitatu au vinne. Kondoa iwe ya mwisho. Kwa wenye iPhone, kama wapo, Apple ina mpango wake wa siku 7 unaoanza na asilimia 1 na kuishia 100.

Msitegemee simu kujisasisha zenyewe. Kwa kawaida Play Store husubiri Wi-Fi, na wakala wenu anaishi kwa bando la siku. Pelekeni ruta kwenye kituo siku ya malipo, wapakue hapo, na msaidieni kila mtu kusafisha picha kwanza. Msiwape APK kwa Xender, ile ya kurushiana mafaili simu kwa simu, hata kama ni rahisi. Siku watakapozoea kusakinisha faili la kutumiwa, tapeli naye atawatumia la kwake, na hao wanashika hela za watu. Orodha za wakulima zisizunguke kwenye magrupu pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu.

Wakati nao una uzito. Mvua zikiisha Aprili, alizeti inaanza kuingia na wakala hana nafasi ya kujifunza kitu kipya. Hamisheni watu wakati wa kilimo, mizani ikiwa imefunikwa. Kama tarehe 1 ya bosi inaangukia katikati ya ununuzi, mwombe akuachie msimu huu upite.

Kwa hiyo mpe bosi hiyo tarehe 1, lakini iwe siku ya kuzima usajili wa mawakala wapya kwenye programu ya zamani. Kituo kikishahama, ya zamani izuiwe kuanzisha ununuzi mpya kutoka kituo hicho: seva ikatae stakabadhi yenye namba iliyozidi ile wakala aliyoandika langoni, na ipokee zote zilizo chini yake. Mlango huo uacheni wazi hadi msimu ujao uishe. Kuna simu iliyovunjika kioo iko kwenye droo ya mtu huko Kondoa, na siku atakapoitengeneza, mizigo ya wakulima wake itakuwa bado imo ndani.