Maswali ya Wasomaji: Siku Mbili Naivasha, kwa Miguu na kwa Baiskeli

Likizo ikikaribia, barua za safari huongezeka, na safari hii nyingi zimeelekea upande mmoja: Ziwa Naivasha, Mlima Longonot na hifadhi ya Hell's Gate. Tumechagua hizi.

Tuko watu sita na tuna Jumamosi na Jumapili tu. Tunataka kupanda Longonot, kuendesha baiskeli Hell's Gate, kisha tulizunguke ziwa lote kwa baiskeli. Tutaweza? Tuanze na lipi?
*Msomaji, Ruiru*

Mawili mtayaweza. La kuzunguka ziwa liacheni. Barabara ya Moi South Lake ina lami lakini haina njia ya baiskeli, na asubuhi na jioni hujaa mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua pamoja na malori ya maua yenyewe. Mzunguko mzima unapita kilomita 60, na kwa sehemu kubwa ziwa hulioni. Utaona nyua za mashamba, mabanda ya plastiki na vumbi.

Anzeni na mlima kwa sababu uko njiani. Kutoka Nairobi kuna barabara mbili: ya juu inayopita Limuru na Kinungi, na ya chini inayoteremka bondeni hadi Mai Mahiu. Longonot iko kwenye hiyo ya chini. Watu wengi hupanda matatu ya Naivasha bila kuuliza inapita wapi, wakija kushtuka wako mjini Naivasha na mlima wameuacha nyuma kilomita 20 hivi. Mwambieni makanga "Longonot, geti la mlima" kabla hamjaketi, na kutoka stejini mchukue bodaboda. Treni ya SGR ya kwenda Suswa nayo isiwahadae: haifiki mji wa Naivasha.

Ondokeni Nairobi saa 12 asubuhi. Saa 2 muwe getini, saa 3 na nusu ukingoni mwa kasoko, yaani shimo la volkeno lililo juu ya mlima, saa 7 na nusu mmeshuka. Alasiri ni ya kuhamia ziwani. Kambi nyingi ziko South Lake, karibu na njia panda ya kwenda Elsa, lango la Hell's Gate, na mtu akilala hapo huamka akiwa kilomita 2 tu kutoka lango hilo. Jumapili ingieni lango likifunguliwa saa 12, mmalize baiskeli kabla ya saa 6 mchana, na jioni mpate matatu kabla wenzenu wa mapumziko hawajajaa stejini.

Mpango huu una faida nyingine. Maumivu ya mapaja yanayoletwa na kushuka Longonot hukaza siku ya pili na ya tatu. Kwenye baiskeli hutayasikia sana kwa sababu tandiko limebeba uzito wako. Ubaya wake utaujua Jumatatu kwenye ngazi za ofisi.

Natoka Mombasa na sijawahi kupanda mlima wowote. Longonot ni mgumu kiasi gani, na nibebe nini?
*Msomaji, Likoni*

Kutoka getini hadi ukingoni ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Ukijumlisha kurudi, siku yako ni kilomita 13.4, na mtu wa kawaida hutumia saa 4 hadi 6. Kilele kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Wewe unayeishi usawa wa bahari utahema mapema kuliko mwenzako wa Nyahururu, na kichwa kinaweza kugonga kidogo. Nenda mwendo ambao bado unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata. Ukianza kujibu kwa neno moja moja, punguza.

Jina lenyewe limetoka kwenye Kimaasai, Oloonong'ot, likiwa na maana ya mlima wenye migongo mingi, na migongo hiyo ndiyo utakayoilalamikia. Njia ya kwenda ukingoni inapanda polepole, kisha mwishoni inasimama ghafla. Udongo ni majivu ya volkeno, laini kama unga wakati wa kiangazi: unapanda hatua mbili, unateleza moja. Mvua imechimba mitaro katikati ya njia, kwa hiyo kanyaga pembeni penye mizizi. Ukingo haulingani, unapanda na kushuka, na sehemu za kuelekea kileleni utatumia mikono.

Kwa hiyo usijiapize kuuzunguka wote. Ukifika ukingoni baada ya saa 4 na nusu asubuhi, au maji yako yamebaki chini ya nusu, keti, angalia ule msitu ulio ndani ya kasoko, kula, shuka. Hakuna aliyekudai kilele.

Maji beba lita 3. Mlimani hakuna chemchemi wala kivuli cha kutegemea. Chapati mbili, mayai ya kuchemsha, ndizi na njugu zinatosha. Vaa kofia pana na shati la mikono mirefu, maana ukingoni upepo unapoza ngozi na jua linakuchoma bila wewe kujua. Viatu viwe na meno. Raba za soli laini ndizo zinazowaangusha watu wakati wa kushuka. Kata kucha za miguu siku moja kabla, na kabla ya kushuka kaza kamba pale juu ya mguu ili vidole visigonge mbele. Usiku, kando ya ziwa, utahitaji sweta nzito: pale ni karibu mita 1,900, na baridi yake si ile ya Mombasa inayoitwa baridi.

Mara mbili nimekodi baiskeli Hell's Gate na mara zote mbili imeniangusha. Ya kwanza ilipata pancha, ya pili mkono wa gia uliingia kwenye spoku nikatembea kilomita nyingi nikiisukuma. Nikague nini kabla ya kulipa?
*Msomaji, Nakuru*

Hilo la gia ndilo baya zaidi na ndilo rahisi kuligundua mapema. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, kile kipande cha chuma kinachoshikilia mkono wa gia wa nyuma hupinda kwa ndani. Kwenye gia za kati hutaona kitu. Ukifika mlimani ukaweka gia nyepesi kabisa, yaani mnyororo uko kwenye duara kubwa la nyuma, mkono unasogea ndani, unanaswa na spoku, na gurudumu linakatika mwendo papo hapo.

Mwombe mwenye baiskeli akuinulie gurudumu la nyuma. Zungusha pedali kwa mkono huku ukibadilisha gia moja moja hadi ile nyepesi. Usikilize. Ukisikia tik, tik, tik ya chuma kugusa spoku, baiskeli hiyo mwachie. Kisha simama nyuma yake, uangalie mkono wa gia na mnyororo: viwe vimenyooka wima. Ukiona mkono umelalia ndani, mwachie hata kama husikii chochote.

Breki: finya hendeli. Ikigusa usukani, waya umelegea. Mahali waya unapoingilia kwenye hendeli kuna nati ndogo ya kuzungusha kwa vidole. Izungushe kinyume cha saa mizunguko miwili mitatu, waya utakaza. Isipokaza, raba za breki zimekwisha, usipoteze muda. Sukuma baiskeli mbele huku umefinya breki ya mbele peke yake: gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka.

Tandiko: keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke kabisa. Watu wengi huendesha tandiko likiwa chini mno, magoti yanawauma, na lawama wanaipa baiskeli.

Sasa pancha. Hell's Gate ina migunga, na miiba yake inapita kwenye tairi lililochakaa kama sindano. Beba tyubu moja ya akiba ya saizi ya gurudumu ulilokodi (imeandikwa ubavuni mwa tairi: 26, 27.5 au 29), viraka, gundi, msasa, vyuma viwili vya kubandulia tairi, na pampu uliyohakikisha inashika valvu yako. Valvu ni za aina mbili, nene na nyembamba, na pampu ya moja haikai kwenye nyingine bila kigeuzi.

Kuziba kwenyewe hakuna ugumu, ila haraka. Gundi ikipakwa na kiraka kikabandikwa hapo hapo, kitabanduka baada ya kilomita moja. Kwaruza kwa msasa eneo linalozidi kiraka, paka gundi nyembamba, subiri dakika 5 hivi mpaka isishike kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote. Mwiba uliotoboa bado umo. Anayesahau hilo huziba pancha mbili.

Upepo: kwenye lami ya South Lake pauni (psi) 40 hadi 45 zinafaa tairi la mlimani. Ndani ya hifadhi, kwenye mchanga wa volkeno, shusha hadi 30 hivi, tairi litapanuka na kushika. Mchanga ukiwa mwingi, weka gia nyepesi mapema, kaa nyuma kidogo, endelea kukanyaga na usiguse breki ya mbele. Kutoka lango la Elsa hadi kituo cha askari karibu na korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita 8, njia inapita kati ya majabali. Wakati wa kwenda utajiona bingwa, wakati wa kurudi ndipo utagundua palikuwa na mteremko. Gawa nguvu zako. Njia ya Buffalo Circuit ina vilima na mchanga zaidi, iache kama baiskeli yako ina shaka yoyote.

Nina mtoto wa miaka 10 na mwingine wa 6. Nimesikia Hell's Gate mtu anapita kwa baiskeli katikati ya wanyama. Ni salama kwa watoto?
*Mama wa wawili, Thika*

Mama, wa miaka 10 anaweza, mradi anajua kufunga breki akiwa kwenye mteremko. Baiskeli za kukodi nyingi ni za watu wazima, hivyo ulizia mapema au mje na yake: kwenye keria ya matatu itoe gurudumu la mbele na uilaze upande wa gia ukiwa juu. Wa miaka 6 njia nzima itamshinda. Gari linaruhusiwa humo ndani. Mzazi mmoja awe na gari, mwingine aendeshe na mkubwa.

Utakutana na pundamilia, swala, ngiri na twiga, na hao hujiondokea. Wa kuchunga ni nyati. Ukimwona karibu na njia, simama mbali, watoto wawe nyuma yako, subiri aondoke, au geuzeni. Msipige kengele wala kelele kumfukuza. Mwizi wa kila siku ni nyani kwenye sehemu za kulia chakula: mfuko wa chakula ukionekana umekwisha. Watoto watafurahia zaidi pimbi wa Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba ulio karibu na lango, wanaokuja kuangalia umebeba nini. Msiwalishe.

Longonot mpeleke mkubwa hadi ukingoni, mrudi.

Likizo yangu ni Aprili. Nitavuka Namanga kuja Naivasha, na hasa nataka kushuka kwenye korongo la Hell's Gate. Je, mvua itanizuia?
*Msomaji, Arusha*

Huenda ikakuzuia, na ikikuzuia usibishane nayo. Korongo la Ol Njorowa ni jembamba, kuta zake ni ndefu, na maji yanayolijaza hayatoki juu ya kichwa chako. Mvua inanyesha kwenye miteremko ya mbali, maji yanakusanyika, yanakuja kwa pamoja kama ukuta, na wewe chini unaona anga la buluu. Aprili 2012 vijana 7 walikufa humo, na Septemba 2019 wakafa watu wengine 7. Septemba si mwezi wa masika. Ndiyo maana kalenda peke yake haitoshi.

Fika kituo cha askari, uliza kama korongo liko wazi siku hiyo, na ushuke na mwongozaji wa pale. Ukiwa chini, muulize kila baada ya mwendo kidogo njia ya kupandia ya karibu iko wapi. Maji yakibadilika rangi, au vijiti na majani vikianza kuelea, pandeni wakati huo huo, picha zitasubiri. Maji ya moto yanayochuruzika kwenye kuta usiyaguse kwa kujaribu. Kama unaweza kuisogeza likizo, Januari na Februari au Julai na Agosti ni afadhali.

Malipo ya hifadhi hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, si kwa pesa taslimu. Kiwango kinategemea uraia, kwa hiyo pasi au kitambulisho kiwe mkononi, si kwenye begi uliloacha kambini.

Tunaweza kuogelea ziwani baada ya baiskeli?
*Vijana wanne, Kitengela*

Hapana. Kuna viboko. Mchana wanakaa majini, usiku wanatoka kula nyasi, na hupita hapo hapo kambini. Hema lisimamishwe ndani ya uzio wa kambi. Mkitoka usiku kwenda msalani, mulikeni kwanza pande zote, na mkimwona kiboko nchi kavu msikae kati yake na maji. Mkitaka kuyaona maji kwa karibu, kodini boti asubuhi, kwa maboya. Alasiri upepo hupanda na ziwa huchafuka.