Mama hapati usingizi tangu afanyiwe operesheni. Je, muziki utamsaidia?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mama yangu ana miaka 61. Siku tisa zilizopita alifanyiwa operesheni ya kutoa kizazi, na sasa tunamuuguza nyumbani hapa Pangani. Mchana anazungumza na wageni vizuri tu. Ikifika saa tano usiku anaanza kuguna, na saa nane yuko macho anasubiri adhana. Vidonge vya maumivu anavimega nusu, anaogopa kuvizoea. Wifi yangu anasema tumwekee muziki. Mjomba hataki hata kusikia, anasema majirani watadhani tuna sherehe na huku mgonjwa yumo ndani. Muziki unasaidia kweli? Na tumwekee upi?
Kifungua mimba, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza.

Nianze na vidonge, maana vinanitia wasiwasi kuliko ubishi wa mjomba. Mama asivimege. Nusu kidonge kinamfikisha usiku maumivu yakiwa yameshapanda, na yakishapanda ni kazi kuyashusha. Ameze kipimo alichoandikiwa, kwa saa alizoandikiwa. Kama bado anaviogopa, mrudisheni kwa daktari amweleze mwenyewe. Muziki utembee pamoja na dawa, usije ukachukua nafasi yake.

Sasa, unasaidia? Ndiyo. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 73 ya watu wazima waliofanyiwa operesheni. Waliosikilizishwa muziki walipungukiwa na maumivu na hofu, na walihitaji dawa chache zaidi za kutuliza maumivu. Hata waliopigiwa muziki wakiwa wamelala usingizi wa nusukaputi walinufaika. Ila hawakuruhusiwa kwenda nyumbani mapema kuliko wenzao, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba wimbo unafunga kidonda.

Mimi nilifanya zamu za usiku wodi ya upasuaji kwa miaka 22, na hilo la mama yako kuguna saa tano nalijua. Mchana maumivu yana washindani: wageni, watoto, harufu ya chakula jikoni. Usiku nyumba inanyamaza, mgonjwa anabaki peke yake na mshono wake. Anaanza kuusikilizia. Akiusikilizia anaogopa, akiogopa anakaza tumbo, na tumbo likikazwa mshono unavutika, basi maumivu yanaongezeka. Wimbo wa polepole unampa sikio kitu kingine cha kufuata, pumzi nayo inafuata mwendo wa wimbo, tumbo linalegea. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwa mama mmoja aliyekuwa akijiimbia chinichini kila nilipomfungua bendeji. Siku alipokuwa kimya ndiyo siku mikono yake ilipokamata chuma cha kitanda.

Mwaka 2019 ikawa zamu yangu, nikatolewa mfuko wa nyongo. Mwanangu kwa mapenzi yake akaniwekea zilipendwa, za dansi, zile za ujana wangu. Niliamka kabisa! Tarumbeta zikiingia, mguu unataka kucheza, na tumbo halitaki. Usiku wa pili nikamwomba gitaa la polepole lisilo na maneno, na hilo ndilo lililonichukua. Kwa hiyo usimchagulie mama, mwulize. Huenda akataka taarabu ya zamani, huenda akataka kasida. Akisema hataki muziki bali kisomo cha Qurani, mwekeeni kisomo. Hicho si muziki, na sitakiita hivyo, lakini moyo wake unakijua na ndipo utakapotulia. Mkwepesheni tu na nyimbo za msiba wowote alioupitia. Wimbo mzuri unaomliza saa nane usiku haumsaidii.

Mwekeeni kama nusu saa baada ya kumeza dawa ya usiku, taa ikiwa imezimwa na wageni wameaga. Mmlaze kwa namna anayoona nafuu, mto mmoja chini ya magoti. Sauti iwe ya chini kiasi kwamba mtu akiongea taratibu kando ya kitanda anasikika. Nyimbo ziwe zimehifadhiwa kwenye simu au memori kadi. Ukimwekea moja kwa moja kutoka intaneti, tangazo la sabuni litamgutusha akiwa ndiyo kwanza anasinzia. Redio nayo ina taarifa za vifo. Simu ilale kifudifudi, ijizime baada ya dakika 45. Na mpeni usiku kadhaa, wa kwanza anaweza asione tofauti. Mchana asilale sana, atembee polepole uani kama daktari alivyoruhusu.

Mjomba mwambieni kwa heshima kwamba hakuna jirani atakayesikia. Simu iliyowekwa juu ya stuli karibu na mto haivuki hata mlango wa chumba. Au mketisheni pale usiku mmoja yeye mwenyewe.

Kuna jambo moja tu ambalo halisubiri wimbo. Siku ya tisa maumivu yanatakiwa yawe yanapungua. Kama yanazidi, au ana homa, mshono unatoa usaha au harufu, anatokwa damu nyingi ukeni, mguu mmoja umevimba na unauma, au anakosa pumzi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Vinginevyo, mwulize leo jioni, mkiwa wawili tu, anataka kusikia nini. Kisha niandikie uniambie alichagua nini, natamani kujua.